Wenye dispraksia vyuoni wafundishwe kusoma, wasingojeshwe cheti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kundi la wanafunzi wa elimu ya juu ambalo halitajwi katika hotuba za mahafali wala katika taarifa za mwaka za vyuo, yaani watu wazima wenye dispraksia. Nafundisha katika chuo kimoja hapa nchini, na sehemu kubwa ya wanafunzi wangu ni walimu wa shule za msingi na wauguzi waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha wakarudi darasani kutafuta shahada. Wengi wao wana familia, wanalipa ada kwa kujinyima, na wanajua vizuri kilichowaleta. Miongoni mwao, karibu kila mwaka, hujitokeza wawili watatu ambao ukizungumza nao unaona wazi kwamba somo wamelielewa, lakini ukifungua vitabu vyao vya majibu unakuta kurasa zisizosomeka, maswali yaliyoachwa njiani, na hoja nzuri iliyokatika kabla ya kufika ilikokuwa inakwenda. Ninachotaka kusema ni kwamba wanafunzi hawa wafundishwe stadi za kujisomea na mtu anayelielewa tatizo lao, na kwamba msaada huo usifungwe kwenye cheti cha daktari, ambacho kwa mtu mzima wa nchi hii ni kigumu mno kupatikana.

Kwa msomaji ambaye hajalisikia jina hilo, dispraksia ni ugumu wa kupanga na kuratibu miendo ya mwili unaoanza utotoni, bila kuwapo kupooza, ugonjwa wa misuli wala upungufu wa akili wa kuueleza. Si jambo la kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, limeliweka katika kundi moja na usonji na ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 unakadiria kwamba hali hiyo huwapata asilimia 5 hadi 6 ya watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 11. Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto akikua huachana nayo, lakini watafiti waliowafuatilia watoto hao hadi ukubwani wameona kwamba wengi huendelea nayo. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa mzembe, goigoi, au yule ambaye kila akishikacho huanguka; akimwaga maji anachapwa, akichelewa kufunga kamba za viatu anaachwa nyuma, na mwandiko wake unafananishwa na kuku aliyeparua.

Akiwa mtu mzima sura ya tatizo hubadilika. Mpira ameshaacha kuucheza, na kazi za mikono zinazomshinda ameshajifunza kuzikwepa au kumwachia mwingine. Kinachobaki ni kile asichoweza kukikwepa chuoni: kuandika kwa mkono kwa haraka, kusikiliza na kunukuu kwa wakati mmoja, kukadiria kazi itachukua muda gani, kukumbuka maagizo manne yaliyotolewa kwa mfuatano, na kuzoea utaratibu mpya kila muhula unapobadilisha ratiba, vyumba na wahadhiri. Siyo wote wanaopata shida zote hizo, na wapo wenye mwandiko mzuri ambao shida yao kubwa ni kupanga kazi. Lakini kuandika ndiko kunakowaangusha wengi, kwa sababu mfumo wetu wa mitihani umejengwa juu ya kalamu.

Mtu anayejifunza kuendesha gari hawezi kuzungumza na abiria, maana akili yake yote iko kwenye gia, klachi na kioo. Aliyezoea huendesha huku akisimulia habari za jana. Wengi wetu mkono wetu umezoea herufi kiasi kwamba tunapoandika tunafikiria maana peke yake. Kwa mwenye dispraksia mazoea hayo huja kwa shida au hayakamiliki, hivyo akili inayotakiwa kujenga hoja inagawana nguvu na kazi ya kuumba herufi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes nchini Uingereza walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa watoto wenye hali hii wakiandika juu ya kifaa kinachorekodi mwendo wa kalamu, wakaona kwamba kalamu yenyewe haikuwa ikienda polepole kuliko ya watoto wengine. Tofauti ilikuwa kwamba ilisimama mara nyingi zaidi, na baadhi ya vituo vilikuwa virefu. Niliposoma matokeo hayo nilielewa kwa nini kumwambia mwanafunzi wa namna hii aongeze mwendo hakumsaidii chochote.

Nitatoa mfano mmoja bila kumtaja mhusika. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wakubwa, mwenye sifa nzuri kazini, aliyekuja kusoma shahada ya ualimu. Katika semina alikuwa miongoni mwa wachangiaji bora. Kitabu chake cha majibu kilianza kwa herufi kubwa zilizobanwa sana hadi karatasi ikatoboka mahali pawili. Ukurasa wa pili mistari ikaanza kuteremka kulia. Ukurasa wa tatu maneno yakaanza kukosa silabi za mwisho, na sentensi moja ikarudiwa mara mbili kama ilivyo, kwa sababu aliposimama kupumzisha mkono alipoteza mahali alipofika. Ukurasa wa nne ulikuwa na orodha ya maneno sita tu, na ukiyasoma kwa makini unaona kuwa yalikuwa vichwa vya hoja sita, zote sahihi, ambazo hazikuandikwa. Nilipomwita akaniambia, “Mwalimu, jibu ninalo lote, ila nikianza kuandika linanipotea njiani.” Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja urefu wake.

Akashauriwa aende kwenye ofisi inayohusika na wanafunzi wenye mahitaji maalumu katika chuo chake. Huko alipewa fomu yenye visanduku vya uoni, usikivu, viungo, ualbino na “ulemavu mwingine”, pamoja na sharti la barua ya daktari. Alikwenda hospitali, daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia abane vidole vyake, atembee, aguse pua, kisha akaandika kwamba mfumo wa neva na misuli ni mzima. Daktari yule hakukosea. Kwa vipimo alivyovifanya, mwanamke yule ni mzima, na dispraksia yenyewe hutambuliwa baada ya magonjwa mengine ya neva kuondolewa katika hesabu. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kumpeleka mbele. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, ambao ndio wanaoijua hali hii kwa karibu, wapo nchini, na hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi, lakini ni wachache, wengi wako kwenye hospitali kubwa, na muda wao unachukuliwa na watoto wenye mtindio wa ubongo na wagonjwa wa kiharusi. Mwalimu wa Nachingwea au wa Kasulu anayesoma kwa likizo hawezi kuwafikia kirahisi, na akiwafikia ataulizwa habari za utoto wake ambazo mama yake aliyekwisha kufariki ndiye aliyekuwa akizijua.

Hapa ndipo penye hitilafu ninayotaka ionekane. Cheti kina mahali pake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapomtaka mwombaji mwenye ulemavu athibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, ina sababu ya kueleweka, kwa kuwa inagawa fedha za umma na wadanganyifu hawakosekani. Lakini kumfundisha mtu jinsi ya kuvunja swali la insha, kupanga wiki yake na kujitayarisha kwa mtihani si kugawa fedha. Ni kufundisha, na kufundisha ndiyo kazi ya chuo. Hakuna mhadhiri anayemdai mwanafunzi cheti cha hospitali ili amweleze kwa mara ya pili kanuni ya takwimu ambayo hakuielewa. Kwa nini basi adaiwe cheti ili aelezwe namna ya kuweka kumbukumbu za mhadhara?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo, fungu la 5, inataja kwa jina elimu ya juu, mafunzo ya ufundi, elimu ya watu wazima na kujifunza maishani, na inazitaka nchi zihakikishe kwamba marekebisho ya kufaa yanatolewa. Kwa hiyo siombi jambo ambalo nchi haijalikubali.

Uingereza, ambako jambo hili limeshughulikiwa kwa muda mrefu kuliko kwetu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye dispraksia anaweza kuomba posho ya serikali ya wanafunzi wenye ulemavu, ambayo hairejeshwi kama mkopo wala haitazami kipato cha familia. Posho hiyo hulipia vifaa na programu za kompyuta, na hulipia pia saa za kukaa na mwalimu wa stadi za kusoma, wawili peke yao, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Sipendekezi tuuchukue utaratibu wao wote. Nao wanadai uthibitisho, na asiyekuwa nao huweza kujikuta akilipa mamia ya pauni kupimwa na mtaalamu binafsi; tangu mwaka 2015 mwanafunzi anayepewa kompyuta hutakiwa kuchangia pauni 200 za kwanza; na Dyspraxia Foundation, shirika la hisani lililokuwa likiwasemea watu hawa tangu mwaka 1987, lilifungwa mwaka 2024. Katika yote waliyo nayo, kitu ninachokionea wivu ni ile saa moja ya kila wiki, na bahati nzuri ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote.

Niieleze saa hiyo, kwa sababu wengi wakisikia msaada kwa wenye ulemavu hufikiria mashine. Mwalimu wa stadi za kusoma hafundishi somo. Anaweza asijue lolote kuhusu jiografia au famasia, na huenda hiyo ni faida, maana hashawishiki kumpa mwanafunzi jibu. Tuseme mwanafunzi amekuja na swali la insha linalosema: “Jadili ni kwa kiasi gani falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilibadili malengo ya shule za msingi nchini Tanzania.” Kwanza wanalivunja kwa sauti: nini cha kujadili, kipindi kipi, shule zipi, na yale maneno “kwa kiasi gani” yanadai nini, maana yanadai pande mbili na mwanafunzi mwenye haraka huandika upande mmoja. Kisha mwanafunzi anasema anachokijua huku simu ikirekodi. Kila hoja inaandikwa kwa maneno matatu au manne kwenye kipande chake cha karatasi ngumu, vipande vinatandazwa mezani, na hapo ndipo mpangilio wa insha unafanyika, kwa kuvisogeza vipande hadi mtiririko upatikane. Mtu ambaye kichwani mwake hoja zote huja kwa pamoja huona kwa macho ipi itangulie. Akishapata mpangilio, vipande vinapewa namba na kufungwa kwa mpira, na kuandika kunagawanywa: leo kipande cha kwanza na cha pili, kesho kutwa cha tatu.

Baada ya hapo huja suala la muda, ambalo kwa wengi wao ni gumu kuliko mwandiko. Kumwambia mtu wa namna hii apange muda wake vizuri ni kumwambia afanye kile hasa kinachomshinda. Kinachosaidia ni kupima. Anasoma kurasa kumi za kitabu cha kozi huku saa ya simu inahesabu, anaandika imemchukua dakika ngapi, na hiyo inakuwa kipimo chake, hata kama ni mara mbili ya kipimo cha jirani yake. Kutokana na kipimo hicho wanahesabu kuanzia tarehe ya kukabidhi kazi kurudi nyuma, na wanaandika kwenye kalenda ya ukutani siku ya kumaliza, siku ya kuanza kuandika, siku ya kwenda maktaba. Kalenda iwe moja. Nimeona wanafunzi wenye ratiba katika daftari, katika simu, na katika vikundi vitatu vya WhatsApp ambamo mihadhara huhamishwa saa mbili usiku. Mwenye dispraksia hupotea katikati ya hizo zote, na kukosa kwake kipindi huandikwa kuwa utoro.

Mambo mengine ni madogo, ila yakikosekana hudhuru. Kila kozi iwe na jalada la rangi yake. Rula iwekwe chini ya mstari unaosomwa, ili jicho lisiruke. Mhadhiri atoe muhtasari wa mhadhara siku moja kabla, mwanafunzi aje akiwa ameusoma, na darasani aandike tu yale yasiyomo. Hilo lingewafaa wanafunzi wote, na lingepunguza biashara ya madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo, yenye makosa. Kuna pia uandishi wa sauti, ambao Google waliuongezea Kiswahili mwaka 2017. Mwanafunzi anayetakiwa kuandika kwa Kiingereza anaweza kwanza kuyasema mawazo yake kwa Kiswahili, simu ikamwandikia, kisha akayahamisha katika lugha ya mtihani akiwa tayari ameyaona yamepangika. Mzigo wa lugha na mzigo wa mkono vikibebwa siku tofauti huwa vyepesi zaidi, jambo ambalo wale wanaotafiti lugha ya kufundishia wangefaa kulitazama.

Kuhusu kompyuta ninatahadharisha. Kumruhusu mwanafunzi achape majibu badala ya kuandika ni jambo jema, ila kuchapa nako ni kazi ya vidole, na mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi atachapa kwa kidole kimoja polepole kuliko anavyoandika. Ruhusa ya kompyuta iliyotolewa wiki ya mtihani ni sawa na kutotolewa. Mazoezi yaanze muhula wa kwanza, dakika chache kila siku, na kabla ya kuamua njia ya mtihani mwanafunzi apewe jaribio jepesi: aandike kwa mkono kwa dakika 10 juu ya jambo analolijua, kisha achape kwa dakika 10 juu ya jambo jingine, na maneno yanayosomeka yahesabiwe. Jaribio hilo halihitaji daktari. Linahitaji saa na mtu mwaminifu wa kuhesabu, na matokeo yake yanamwambia mkuu wa idara mengi kuliko barua ya hospitali, kwa kuwa yanahusu hasa jambo ambalo idara inatakiwa kuliamulia.

Najua swali litakaloulizwa na wenzangu, kwa sababu wameshaniuliza kwenye vikao: tukifungua mlango huu, si kila mwenye mwandiko mbaya atasema ana dispraksia? Jibu langu ni kwamba anayekuja kila wiki kwa muhula mzima kufundishwa kupanga kazi zake, hata kama hana dispraksia, hajamwibia mtu. Atasoma vizuri zaidi, na chuo kitapata sapu, yaani mitihani ya marudio, chache. Penye hofu halali ni kwenye muda wa nyongeza katika mtihani, na hapo nakubali kwamba lazima kuwe na kipimo. Lakini jambo hili si geni kwetu. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na hakuna aliyelalamika kwamba mitihani ya taifa imeshuka hadhi kwa sababu hiyo. Vyuo vikuu vingi vina kanuni zao zinazoruhusu nyongeza, ila hutumika kwa wale ambao ulemavu wao unaonekana kwa macho, na huyu anayetembea sawasawa na kusema kwa ufasaha anaonekana mvivu.

Wapo pia wanaosema kwamba fani nyingine hazifai kulegezewa, na hapo nipo upande wao kwa kiasi fulani. Muuguzi atakayechoma sindano lazima ajue kuchoma sindano, na mgonjwa hana wajibu wa kuelewa hali ya mkono wa muuguzi. Mwenye dispraksia hujifunza tendo jipya la mikono polepole, lakini likishakaa kwa kurudiwarudiwa huweza kukaa vizuri. Kwa hiyo anachostahili ni saa zaidi katika chumba cha mazoezi kabla ya kupimwa, hatua za tendo zibandikwe ukutani kwa mfuatano, na sinia la vifaa lipangwe kwa namna ile ile kila mara, asije akakuta mkasi umehamia kushoto siku ya mtihani. Kiwango cha kufaulu kibaki pale pale. Tofauti na hapo ni mwanafunzi wa kemia ambaye somo lake ni kujua kwa nini rangi imebadilika, lakini anaangushwa kwa kuwa bilula ya bureti, yaani mrija wa kupimia kimiminika, ilimponyoka na tone moja likazidi. Huyo anaweza kufanya kazi na mwenzake, mmoja akishika bureti na mwingine akisoma kipimo na kukokotoa, na kila mmoja akapimwa kwa sehemu inayohusu kozi. Mkufunzi wa maabara mwenye busara hufanya hivyo bila kuandikiwa waraka. Ubaya ni kwamba mwanafunzi hawezi kutegemea bahati ya kumpata mkufunzi mwenye busara.

Nani atafanya kazi hii? Sidhani kwamba tunahitaji kusubiri ajira mpya. Katika kila chuo wapo wakutubi ambao tayari huwafundisha wanafunzi wapya kutafuta vitabu na kunukuu vyanzo. Wapo wahadhiri wa kozi za stadi za mawasiliano, ambazo kwa sasa hufundishwa kwa madarasa ya mamia ya watu na kuishia kwenye kukariri aina za barua. Wapo walimu wastaafu mijini wenye uzoefu mkubwa wa elimu maalumu, baadhi yao waliopitia Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Watu hao wakipewa mafunzo mafupi na mtaalamu wa tiba kwa vitendo pamoja na mwalimu wa elimu maalumu, na saa zao zikahesabiwa kama saa za kufundisha katika mzigo wa kazi, msaada unaweza kuanza. Kipengele hicho cha kuhesabiwa ndicho chenye uzito. Bila hicho kazi itaangukia kwa wale wenye moyo wa kujitolea, na ikifika wiki ya usahihishaji hata wenye moyo huchoka.

Wanafunzi wa jioni na wa masafa wasisahauliwe, kwa sababu ndio watu wazima ninaowazungumzia. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi hufungwa saa tisa na nusu alasiri, wakati wao bado wako kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimeonyesha kwamba elimu inaweza kumfuata mtu mzima alipo. Basi na saa hiyo ya stadi za kusoma inaweza kufanyika kwa simu jioni, vipande vya karatasi vikiwa mezani kwa mwanafunzi na mwalimu akiviona kwa picha. Nimejaribu hivyo na baadhi ya wanafunzi wangu, na tabu kubwa niliyoiona ilikuwa ni gharama ya vifurushi vya intaneti, ambayo chuo kinaweza kuibeba.

Kwa hayo natoa maombi mawili kwa wahusika. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, naomba itenganishe katika miongozo yake misaada inayohitaji uthibitisho wa daktari, kama vile fedha na vifaa vya gharama, na misaada ya kufundisha, ambayo mwanafunzi yeyote aliyeonyesha uhitaji apewe kwa kuomba. Kwa ofisi za usajili vyuoni, naomba zirekebishe fomu ya kujiunga. Mwaka mpya wa masomo huanza Oktoba au Novemba na fomu hutayarishwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo muda upo. Chini ya visanduku vya ulemavu liongezwe swali moja linalojitegemea: “Je, kuna jambo katika kuandika, kusoma, kupanga muda au kazi za mikono ambalo hukupa shida kuliko wenzako, na umekuwa ukilikabili vipi?” Majibu yaende moja kwa moja kwa wale watakaofundisha stadi za kusoma, nao wampigie mwanafunzi simu katika wiki mbili za kwanza za muhula, kabla hajapata maksi ya kwanza mbaya.

Mhadhiri,
Morogoro